Rehema, kabla hujaingia kwa mzee na ile ofa

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata na nimeona nisikujibu kwa simu. Kwenye simu tungeishia kupigiana vigelegele, na jambo lenyewe linataka kalamu na hesabu.

Kwanza hongera sana. Siku zote nakuambia unalipwa chini ya kazi unayoifanya, nawe unanijibu "Mungu atajalia". Sasa watu wa Kurasini, ile kampuni ya kutoa mizigo bandarini, wamekuona, wamekuandikia barua ya ajira na mshahara wake: milioni 1.6 kwa mwezi. Hata usipoitumia barua hiyo kwa lolote, imeshakutajia bei yako, na aliyeitaja si ndugu wala rafiki anayekuonea huruma.

Ila umeniandikia kwamba Jumatatu unaingia kwa mzee, bosi wako, kumwambia "niongeze au naondoka". Hapo nakuomba unisikilize kidogo. Unajua kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu. Maneno ya namna hiyo nayaona yanakoishia, kwa sababu yakishasemwa huko ofisini kwa wakubwa, mwisho wa mwezi yanafika mezani kwangu yakiwa tarakimu, au yanafika yakiwa jina la kufutwa kwenye orodha.

Tuanze na fedha yenyewe. Sasa hivi mshahara wako ni milioni 1.2 kabla ya makato. NSSF, mfuko wa pensheni, wanachukua asilimia 10, yaani 120,000. Kinachobaki, 1,080,000, ndicho kinachotozwa kodi, nayo kwako ni 152,000. Bodi ya Mikopo, kwa lile deni lako la masomo, wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Ndiyo maana benki unaona 748,000 na kila mwezi unashangaa. Sasa weka ile milioni 1.6: NSSF 160,000, kodi 260,000, Bodi 240,000. Mkononi utabaki na 940,000. Laki nne ulizoziona kwenye barua zimekuja nyumbani zikiwa 192,000. Ukishavuka milioni moja, sehemu inayozidi inakatwa kodi ya asilimia 30, kwa hiyo kwa mtu mwenye deni la Bodi kama wewe, kila laki moja inayoongezwa kwenye mshahara wa msingi inakufikia ikiwa 48,000.

Sisemi hivyo nikukatishe tamaa. Ya NSSF ni akiba yako, na mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake juu ya hiyo. Ya Bodi inakupunguzia deni ambalo hata hivyo ungelilipa. Ninachotaka ni uingie kwa mzee ukijua unapigania nini hasa, maana watu wengi wanagombana na mabosi wao kwa ajili ya tarakimu ambayo hawataiona.

Halafu angalia barua ya Kurasini imeandikaje hiyo milioni 1.6. Ni mshahara wa msingi wote, au ni milioni moja ya msingi na laki sita za posho ya nyumba, usafiri na simu? Hii ni sehemu ambayo watu hawaisomi. Kiinua mgongo kinapigwa kwa mshahara wa msingi. Posho nono inapendeza mwezi wa kwanza, lakini siku mambo yakienda kombo ndipo mtu anagundua kwamba kisheria alikuwa mfanyakazi wa milioni moja.

Sasa swali ambalo nataka ulijibu wewe na nafsi yako kabla ya Jumatatu: mzee akikwambia "nenda salama, Mungu akutangulie", utakwenda? Si kwa hasira ya siku ile. Utakwenda kweli, wiki ijayo, ukiwa umetulia? Kama jibu ni ndiyo, barua hiyo ni nguvu mkononi mwako. Kama ni hapana, nakusihi usiitaje kabisa. Nenda kaombe nyongeza kwa kazi yako tu, na kazi yako inatosha kuombea. Mtu aliyetaja kuondoka halafu akabaki kwa mshahara uleule, hata kama hakuna anayemsema, mwakani anapoomba tena hasikilizwi.

Kwenye kupima, pima yote. Sasa hivi unapanda basi la Mwendokasi Kimara, unashuka Posta, unatembea hatua chache uko ofisini. Kurasini utashuka Gerezani, utafute gari jingine, na wewe mwenyewe unajua kazi ya kutoa mizigo haiishi saa kumi na moja. Meli ikishusha, mtu anasubiri nyaraka mpaka usiku. Kurudi Kimara saa nne usiku ni bodaboda au teksi, na mama yuko nyumbani anakungoja hajalala.

Kuna na jambo la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo haki, lakini ulinzi huo haumhusu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Ulipo sasa, mzee hawezi kuamka asubuhi akakuondoa bila sababu ya haki na bila kufuata utaratibu. Kurasini, nusu mwaka mzima utakuwa huna kinga hiyo. Tena ukiacha kazi mwenyewe hudai kiinua mgongo, ile siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, maana analipwa aliyeachishwa na mwajiri. Utadai siku zako za likizo ambazo hukuchukua, mshahara wa siku ulizofanya kazi, na cheti cha utumishi. Basi.

Kwa hiyo mimi, ukiniuliza, ningependa ubaki. Lakini si kwa bei ya sasa, na si kwa "tutakufikiria". Milioni 1.5 ya msingi inakupa 892,000 mkononi. Tofauti na Kurasini ni 48,000 kwa mwezi, na hizo nauli na bodaboda za usiku zitazimaliza. Chini ya hapo, nenda Kurasini na mimi nitakuja kukusaidia kuhamisha vitu vyako mezani.

Najua kinachokusumbua si hesabu. Umeliandika mwishoni kabisa, kama jambo dogo: "lakini mzee alitusitiri wakati wa msiba wa baba". Ni kweli. Alitoa gari la kampuni likampeleka baba mpaka Masasi, na dereva akakaa nanyi hadi maziko. Mimi nilikuwepo, siwezi kulisahau, na wala sitaki ulisahau. Ila Rehema, fadhila ya msiba hulipwa kwenye msiba. Siku mzee naye akifikwa na jambo, tutakwenda, tutakesha, tutapika, tutatoa tulicho nacho. Mshahara ni habari nyingine. Mshahara ni wa yale makontena ambayo unayatoa kabla siku za bure za kuhifadhi hazijaisha, na wa wale wateja wa Kariakoo wanaopiga simu ofisini na kusema "nipe Rehema", wakiambiwa yuko likizo wanakata. Fedha hiyo mzee anaipokea kila mwezi. Kuomba sehemu yake si utovu wa shukrani. Inaniumiza kuona mtu mwema kama wewe anabaki nyuma kwa sababu ya wema wake, wakati vijana walioingia juzi wanaomba bila kupepesa macho na wanapewa.

Basi namna ya kuingia. Usimvizie mlangoni wala usimtumie ujumbe. Omba nafasi, na uchague asubuhi ambayo hakuna mzigo uliokwama bandarini. Msalimie kama unavyomsalimia siku zote, shikamoo yake mpe. Kisha anza na kazi, usianze na ofa. Mwambie mwaka huu umeshika wateja gani, na mzigo upi uliokuwa umekwama ukautoa wewe. Andika mambo hayo kwenye kikaratasi, kwa sababu ukiwa mbele yake utayasahau yote. Halafu sema kitu kama hiki: "Mzee, kuna kampuni imeniletea barua ya ajira. Sijaisaini. Hapa ndipo nilipojifunza kazi na ningependa kubaki, lakini kwa mshahara wa sasa siwezi. Naomba uwe milioni 1.6 wa msingi." Anza na 1.6 ndipo mkutane kwenye 1.5.

Kisha nyamaza.

Hapo ndipo unapoanguka kila mara, nakujua. Mzee atashika miwani, ataangalia dirishani, na wewe utaona aibu ya ule ukimya, utaongeza: "lakini kama haiwezekani, si neno, mzee." Hilo "si neno" limeze. Ukilisema, umemjibia. Mwache atafute jibu lake mwenyewe, hata kama dakika itaonekana saa.

Barua yenyewe usimpe, wala usimpigie picha na kumtumia. Waliokuandikia wamekuamini. Akitaka kujua ni nani, mwambie kwa heshima kwamba hujapewa ruhusa ya kuwataja. Kiasi akikiuliza, mtajie kilichoandikwa, usiongeze hata shilingi. Watu wa kutoa mizigo mjini hapa wanajuana, wanakutana kwenye madirisha yaleyale ya forodha. Uongo wa laki mbili utakurudia kabla ya Ijumaa.

Akisema "tusubiri bajeti", usibishe, ila mpe siku. Kurasini wamekupa mpaka tarehe ngapi? Itaje hiyohiyo: "Wanasubiri jibu langu mpaka siku fulani, mzee, nami ningependa kuwajibu nikiwa nimeshakusikia wewe." Huko si kumtishia. Ni kumpa nafasi ya kufanya uamuzi akiwa na habari kamili. Akikubali, shukuru, na uombe iandikwe, na afisa utumishi aeleze ni msingi au posho na inaanza mwezi gani. Nimeona ahadi ya mdomo ikikaa tangu Pasaka mpaka Krismasi bila kufika kwenye karatasi ya mshahara, na mwenyewe ofa yake ya nje ilishapewa mtu mwingine.

Mpaka hapo usiandike barua ya kuacha kazi. Na usiwajibu Kurasini "ndiyo" au "hapana" kabla upande mmoja haujaweka saini. Ikiwa utaondoka, mkataba usainiwe kwanza, ndipo utoe notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inasema zisipungue siku 28, lakini soma mkataba wako kama umeweka zaidi. Na benki uwaambie mapema kwa ajili ya ule mkopo unaokatwa kwenye mshahara.

Jambo la mwisho linaniogopesha kidogo, nitakwambia ukweli. Kuna mahali nilipofanya kazi, kaka mmoja alileta ofa ya nje akaongezewa vizuri tu. Haikupita miezi mingi akaletewa kijana "wa kumsaidia", akaambiwa amfundishe kila kitu. Sisemi mzee wako ni wa hivyo, simwoni hivyo. Lakini ukibaki, baki kikweli. Usiichukue nyongeza halafu ukaendelea kuulizia nafasi huku na kule, na usije ukatumia njia hii kwake mara ya pili. Siku ukipata ofa nyingine baada ya hii, iwe ni ya kuondoka nayo.

Jumamosi niko nyumbani kuanzia mchana. Njoo na barua ya Kurasini, mkataba wako wa sasa na karatasi ya mshahara wa mwezi uliopita. Nataka tusome pamoja walivyoandika muda wa majaribio na hizo posho, kisha nikae kama mzee, uniambie maneno yako mpaka yatoke bila kutetemeka. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie dawa za miguu nimezipata nitakupa uje nazo.

Wako,
Tatu