Barua ya Mwalimu Mkuu kwa Wazazi na Walezi: Kufungwa kwa Muhula wa Pili

Kisumu

Kwa wazazi na walezi wote,

Nawasalimu nyote. Barua ya muhula wa kwanza niliiandika kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya ofisi hii, na baadaye nikang'amua, katika mazungumzo ya pale langoni, kwamba wengi wenu mlimpa mtoto awasomee, naye akawasomea sehemu alizozipenda. Mzazi mmoja alinishukuru kwa kuondoa kazi za nyumbani siku za Ijumaa, jambo ambalo halikuwamo katika barua ile hata kwa nukta. Ndiyo maana safari hii naandika kwa Kiswahili, na naomba barua hii isomwe na mtu mzima tangu mwanzo hadi mwisho, zikiwemo sehemu ambazo hazitawapendeza.

Nianze na la kujivunia. Mnakumbuka kwamba mwezi wa Januari walimu walimwita kila mtoto wa Gredi ya 4, ya 5 na ya 6 peke yake, wakamketisha chini ya mwembe na kumwekea mbele karatasi yenye herufi, silabi, maneno, aya fupi na hadithi, wakaandika mahali alipokwama. Tulichokipata hakikutufurahisha. Walikuwemo watoto waliokuwa wamevuka gredi moja baada ya nyingine, wakinakili ubaoni kwa mwandiko safi kabisa, ilhali hawawezi kusoma aya moja ya mistari minne. Sikatai kwamba kosa hilo ni letu kwanza. Wala si la shule yetu pekee, kwani tathmini za Uwezo, zinazopima watoto kusoma na kuhesabu, ambazo zilianza kufanywa nchini mwaka 2009, zimekuwa zikionyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa madarasa ya juu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Lakini kujua kwamba jirani naye anaumwa hakumponyi mgonjwa, na kwa hiyo tuliamua kutumia saa moja kila asubuhi kuwafundisha watoto hawa kwa kiwango cha kusoma alichonacho kila mmoja, bila kujali gredi aliyomo. Wanaotatizwa na silabi huketi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja, na kila baada ya wiki chache hupimwa upya na anayestahili husogezwa mbele.

Baadhi yenu mlikuja ofisini mkiwa na hasira. Mliuliza ni kwa nini kijana wa Gredi ya 6 aketi na wadogo wa Gredi ya 4, na mmoja akasema kwamba tumemwaibisha mtoto mbele ya mdogo wake. Niliwaeleza wakati ule na narudia sasa. Utaratibu huu haukubuniwa katika ofisi yangu. Shirika la Pratham la India limeutumia kwa miaka mingi, na hata hapa karibu nasi, Bungoma na Butere-Mumias, ulifanyika utafiti ulioanza mwaka 2005 katika shule 121 ambazo zilipewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza ili darasa ligawanywe mara mbili. Karibu nusu ya shule hizo ziligawa watoto kulingana na alama walizoingia nazo, na zilizobaki zikawagawa kwa bahati nasibu tu. Baada ya mwaka mmoja na nusu, zile zilizogawa kwa kiwango zilikuwa mbele, na waliofaidika hawakuwa wale wepesi peke yao. Hata waliowekwa katika darasa la wanyonge walipanda, kwa kuwa hatimaye mwalimu alikuwa akifundisha kile ambacho wao walikihitaji. Aibu ya kuketi na mdogo wako kwa saa moja ni ndogo ikilinganishwa na aibu ya kufika Gredi ya 9 huku ukikisia maswali.

Ijumaa iliyopita tuliwaalika mje msikilize watoto wakisoma. Waliofika waliona wenyewe. Kwa wale ambao hawakufika, na viti vitupu vilikuwa vingi, nasimulia jambo moja tu. Mvulana wa Gredi ya 5, ambaye Januari alikwama kwenye silabi, alisimama mbele ya bibi yake, ambaye huuza omena katika soko la Kibuye na alikuwa amefunga biashara asubuhi hiyo ili aje, akamsomea ukurasa mzima wa hadithi kuhusu fisi na kisima. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na alipokosea neno alirudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa. Alipomaliza, bibi alimwambia asome tena. Akasoma tena. Bibi akamtaka asome ukurasa ambao hakuwa ameuzoea, kana kwamba anahakikisha hakuuziwa samaki wa jana, naye kijana akausoma vilevile, kwa shida kidogo lakini akaumaliza. Mimi nimefundisha kwa miaka mingi na nimehudhuria sherehe nyingi za kutangaza matokeo, zenye mahema na vipaza sauti, na sikumbuki nyingine iliyonigusa kama ile. Wengi wa watoto waliokuwa kundi la silabi mwezi wa Januari sasa wanasoma aya, na baadhi yao wanasoma hadithi. Nawapongeza walimu wa gredi hizo tatu, ambao waliifanya kazi hii bila shilingi moja ya ziada.

Niongeze jambo kuhusu vitabu vya marudio. Najua mnavinunua kwa kujinyima, na wauzaji wa mjini wanajua udhaifu wenu. Utafiti mwingine, uliofanywa Busia miaka ya tisini, uligundua kwamba kuwapa watoto vitabu vya kiada kulipandisha alama za wale waliokuwa tayari juu, huku waliobaki wakiwa palepale, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza ambacho wengi hawakuweza kukisoma. Kabla hujanunua kitabu cha tatu cha marudio, mketishe mtoto akusomee kile cha kwanza.

Michezo, tamasha la muziki na ukarabati wa vyoo vilikwenda vizuri, na dawa ya minyoo ilitolewa kwa wote waliokuwepo siku hiyo.

Neno hilo, waliokuwepo, linanileta kwenye mahudhurio, ambayo siwezi kuyapita kwa haraka. Nimeketi na rejista za muhula mzima. Siku ambayo madarasa yetu huwa na nafasi nyingi ni Jumatatu, na sababu haihitaji mpelelezi, kwa kuwa Jumapili ni siku kubwa ya soko la Kibuye, watoto husaidia kubeba, kupanga na kuuza hadi jioni, na asubuhi inayofuata ama wamechoka, ama sare haijafuliwa, ama wamebaki kumlinda mdogo huku mama akimalizia bidhaa. Sidharau biashara zenu, kwani ndizo zinazowalisha watoto hao. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Muhula wa pili una wiki 14, na mtoto anayekosa kila Jumatatu amekosa siku 14, yaani karibu wiki tatu za masomo, na kundi lake la kusoma limesonga wakati yeye hayupo. Kisha mzazi huyohuyo huja mwisho wa muhula kuniuliza ni kwa nini ripoti imeandikwa "Mbali na Matarajio", daraja la chini kabisa. Mwalimu hana namna ya kulifundisha dawati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamwajibisha mzazi kuhakikisha mtoto anahudhuria shule, na adhabu iliyotajwa humo inaweza kufika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha mwaka mmoja. Sijawahi kumpeleka mzazi yeyote kwa chifu na sitamani kuanza, ila kuanzia muhula ujao mtoto atakayekosa siku tatu bila taarifa, mwalimu wa darasa atafika nyumbani.

Sambamba na hilo, tunajua kodi za nyumba zinavyowasukuma kutoka mtaa hadi mtaa. Familia ilalayo Nyalenda leo huamkia Obunga kesho, na mtoto hutoweka katika rejista yetu bila barua, akaanza upya kwingine katikati ya mada. Mkihama, njooni mniambie. Ikiwezekana aendelee hapa hadi mwisho wa muhula, tutasaidiana kutafuta njia. Ikiwa haiwezekani, angalau aende na barua ya uhamisho na kumbukumbu zake.

Kuhusu pesa za chakula, naandika kwa masikitiko. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na katika fedha hizo hakuna fungu la chakula. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ambayo watoto wenu hula saa saba mchana hununuliwa kwa michango ambayo ninyi wenyewe mliipitisha katika mkutano, kwa kunyoosha mikono, na kumbukumbu ninazo. Leo hii mfanyabiashara wa mahindi anatudai, na mpishi alilipwa nusu ya mshahara wake. Nafahamu kwamba sheria inanikataza kumfukuza mtoto kwa sababu ya mchango ambao haujalipwa, na sijamfukuza hata mmoja. Kuna wazazi wanaoifahamu ibara hiyo kuliko wanavyolifahamu jina la mwalimu wa darasa la mtoto wao. Mzazi aliyefikwa na msiba, ugonjwa au kupoteza kazi aje tuzungumze faraghani, kama wengine walivyofanya, na walipewa nafasi. Sizungumzi nao. Nazungumza na yule anayeshuka kwenye gari langoni, mtoto akala sahani ya mwenzake muhula mzima, na akiulizwa anasema atatuma kwa simu jioni. Jioni hiyo haijafika tangu Mei. Mtoto mwenye njaa hasomi, na hilo silihitaji utafiti wa mtu yeyote kulijua, maana naliona kila siku baada ya saa sita.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma zaidi. Wanafunzi wa Gredi ya 8 walipewa mradi wa kupanda mboga katika gunia nyumbani, kupima ukuaji kila wiki, na kuandika walichokiona kwa mkono wao. Mradi haukuhitaji shamba wala fedha. Gunia kuukuu, udongo na mbegu za sukuma wiki zilitosha, hata kwa anayeishi chumba kimoja Manyatta. Mwalimu wa somo alipozikusanya kazi, alikuta tatu zilizopigwa chapa, zenye maneno yaleyale, makosa yaleyale ya tahajia, na picha ya gunia lilelile lililoegemea ukuta uleule wa bluu. Moja ilikuwa bado ina jina la shule nyingine chini ya ukurasa wa mwisho. Zilinunuliwa sayba, yaani kwenye duka la kompyuta na intaneti.

Tulipowapa watoto hao alama walizostahili, mzazi mmoja alikuja, akaingia darasani bila kupitia ofisini, akamwambia mwalimu mbele ya wanafunzi kwamba amelipa shilingi 300 na anataka alama zake. Namnukuu jinsi alivyosema: "Nimelipa." Nilimwomba atoke nje, naye akatoka, lakini darasa zima lilikuwa limekwisha kusikia kwamba elimu ina bei na kwamba bei yake ni ndogo kuliko ya kuku.

Wazazi wenzangu, maana nami ni mzazi, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20 ya alama zitakazoamua shule ambayo mtoto atapelekwa akiingia Gredi ya 10. KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi aliyoifanya Gredi ya 6, ni asilimia 20 nyingine, na KJSEA, ile ya kumaliza sekondari ya chini katika Gredi ya 9, ni asilimia 60. Nadhani hesabu hiyo ndiyo iliyowapa baadhi yenu wazo la sayba. Lakini hiyo 60 huandikwa katika chumba cha mtihani, mtoto akiwa peke yake, na kule hakuna dirisha la kupitishia shilingi 300. Katika darasa hilohilo kuna msichana ambaye mboga zake ziliharibiwa na mbuzi wa jirani katika wiki ya tano. Aliandika hivyo. Alichora majani yalivyobaki, akapima mashina, akaeleza jinsi alivyoinua gunia juu ya mawe na kulizungushia wavu wa zamani wa uvuvi, na mboga zikachipua upya. Kazi yake ina matone ya mafuta ya taa na haina picha hata moja. Mwalimu alimpa "Kuzidisha Matarajio", daraja la juu kabisa, nami nikatia sahihi bila kusita.

Likizo hii, naomba dakika 20 kila jioni. Televisheni izimwe, simu iwekwe kando, mtoto asome kwa sauti huku mtu mzima akisikiliza. Si lazima uwe unajua kusoma, kwa sababu sikio litakuambia anaposita na anapokwepa. Asiye na kitabu nyumbani aje ofisini kabla ya Ijumaa, tutamwazima kimoja kwa sahihi ya mzazi, na maktaba ya umma hapa mjini nayo iko wazi kwa watoto wetu. Masomo ya ziada ya kulipia wakati wa likizo yamekatazwa kisheria. Shule haitayaendesha, na anayewaomba pesa kwa jina letu si mwalimu wetu.

Tutafungua tarehe iliyo katika kalenda ya Wizara, saa moja na nusu asubuhi, sare kamili. Wazazi wa wale watatu wa Gredi ya 8 nawasubiri siku hiyohiyo ofisini, kila mmoja na mtoto wake, gunia na udongo. Mbegu tutatoa sisi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu