Kiberenge kimekatwa kabla hakijapimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mstaafu wa reli. Nilianza kazi mwaka 1973 nikiwa kijana wa kujifunza ufundi, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na nikastaafia karakana ya hapa Tabora. Mkono wa fundi haujui kukaa bure, kwa hiyo siku hizi nachonga treni za mninga barazani kwangu Isevya na kwenda kuziuza stesheni. Treni ya Kigoma ikikawia, nauza. Ikiwahi, narudi na mzigo wangu kama nilivyokwenda nao.

Mwezi wa Saba alisimama mbele ya meza yangu mzee mmoja wa Kiswisi, umri wake kama wangu, mkoba mgongoni, anakwenda Kigoma kuiona Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Mezani nilikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza ndicho fahari yangu: Garati ya daraja la 59, ile injini kubwa ya mvuke, rangi yake damu ya mzee kama zilivyokuwa zenyewe, kazi ya miezi miwili. Cha pili, injini ya dizeli ya daraja la 88. Cha tatu kiberenge, nilichokiunga kwa vipande vilivyobaki ili nimpe mjukuu wangu, naye akakikataa kwa sababu hakifanani na ile treni ya mchongoko aliyoiona kwenye simu ya mama yake.

Mzee yule aliipita Garati kama mtu anayempita mlinzi wa getini. Akaenda moja kwa moja kwenye kiberenge, akakiinua, akakitazama chini ya tumbo.

Kwa wasomaji ambao hawakukulia kando ya reli: kiberenge ni kigari cha kukagulia njia. Kile nilichokijua mimi kilikuwa na magurudumu manne ya chuma, bodi ya bati iliyopigwa nyundo hapa hapa na mafundi wetu, injini ya dizeli iliyotoka kwenye gari jingine, na mabenchi mawili ya mbao. Inspekta wa njia anakaa mbele, gengi, yaani vibarua wa kutengeneza njia, linakaa nyuma na nyundo zao na sufuria la ugali. Hakuna aliyewahi kukipiga picha kwa heshima. Watoto walikikimbilia, mbuzi walikidharau.

Nikamwambia mgeni, kwa msaada wa kijana aliyekuwa anamtafsiria, "Mzee mwenzangu, hicho ni mchezo wa mtoto. Treni yenyewe hii hapa." Akacheka. Akasema Garati ndogo anazo mbili nyumbani kwake. Kiberenge cha Afrika hana, na wala hajui mtu aliye nacho.

Siku hiyo treni ilikawia, kwa hiyo tulikaa chini ya mwembe akanipa darasa. Nilidhani hawa wapenzi wa treni ndogo wanatafuta treni kubwa na zenye mbio. Kumbe wana ugonjwa wao: kadiri treni ilivyokuwa ya ajabu, au ilivyoshindwa kazi, ndivyo wanavyoitaka. Alinionyesha kwenye simu gari la Kijerumani lenye propela mkiani kama ndege. Alilibuni mhandisi Franz Kruckenberg, na mwaka 1931 lilikwenda kilomita 230 kwa saa kati ya Hamburg na Berlin. Lilitengenezwa moja tu. Lilikuwa halifai kukokota mabehewa, na propela ile ikizunguka stesheni penye watu na kanga zao, Mhariri, matokeo yake fikiria mwenyewe. (Kanga nimeziongeza mimi.) Mwaka 1939 lilivunjwa likawa chuma chakavu. Lakini kiwanda cha Märklin kimelitoa kama treni ya mezani, na watu wanatoa pesa kununua kitu ambacho kiliishi miaka michache na hakikupata mdogo wake.

Akanionyesha na reli ya Ireland, kati ya Listowel na Ballybunion, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1924. Reli yake ni moja, imeinuliwa juu ya vyuma vilivyosimama kama herufi A, na injini imeikalia kama shogi juu ya mgongo wa punda: boila moja kulia, boila moja kushoto. Mizigo ilibidi ilingane pande zote mbili. Husimuliwa kwamba mtu alitaka kusafirisha piano, wakamtafutia ng'ombe wa kuisawazisha upande wa pili. Ng'ombe atarudije? Wakaleta ndama wawili wa kumsawazisha, kisha ndama wakarudi kwao, mmoja huku na mmoja kule. Yeyote aliyewahi kufunga magunia ya mkaa kwenye baiskeli hawezi kuwacheka Waairishi.

Lakini kilichonikaa moyoni ni viberenge vya Colorado, Marekani. Kampuni ya reli ya Rio Grande Southern ilikuwa hoi kifedha, haina uwezo wa kuendesha treni ya mvuke kwa abiria wanne na mfuko wa barua. Basi kuanzia mwaka 1931 mafundi wake wa Ridgway walichukua magari ya Buick na Pierce-Arrow, wakayavisha magurudumu ya reli, wakaunga sanduku la mizigo nyuma. Watu wakayaita Galloping Goose, yaani bata bukini anayetimua mbio. Yalijengwa saba kwa ajili ya reli hiyo. Leo mengi yake yamehifadhiwa, matatu yako kwenye makumbusho ya reli mjini Golden, na ukitaka la mezani utalipata kwa vipimo mbalimbali. Niliitazama picha ile muda mrefu. Mishono ya bati, taa zilizotoka kwenye gari jingine, mlango usiolingana na mwenzake: ni kazi ya karakana yenye shida. Ni kazi yetu kabisa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mgeni alitoa rula ya chuma mfukoni, akageuza kiberenge changu chali kama kuku anayekaguliwa sokoni, akapima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Akatikisa kichwa.

Akaeleza hivi. Kuna treni za kuchezea bustanini ziitwazo LGB, zilizoanza kutengenezwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1968. Reli zake zina upana wa milimita 45. Hiyo 45 ilikuwa kipimo cha zamani cha treni za kuchezea. Wao wakaichagua, wakazipunguza treni za reli ya mita moja mara 22 na nusu ili ziikalie. Milimita elfu moja ukigawa hivyo unapata 44 na kitu, karibu sawa na 45. Mhariri, mita moja ndiyo reli yetu! Reli iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 ina upana ule ule wa reli ya Rhätische Bahn ya kwao Uswisi, waliokuwa na injini za umeme 15 za kuanzia 1921 wanazoziita Mamba kwa sababu ya pua zao ndefu. Kwa maana hiyo kiberenge cha Tabora, kikipimwa sawasawa, kinapanda reli za bustani ya mzee wa Kiswisi bila kubadilishwa hata msumari, na kinasimama nyuma ya Mamba wake kama ndugu.

Changu kilikuwa na milimita 52. Nilikisia kwa jicho. Miaka yote niliyokaa karakana nilimfokea kila kijana aliyekisia kwa jicho.

Akasema atakaa Kigoma siku tisa. Akirudi akanikuta na kiberenge chenye vipimo vya kweli, urefu wa kweli, madirisha ya kweli, anachukua vinne, kimoja shilingi 150,000, kwa ajili yake na wenzake. Garati yangu nilikuwa nauza 60,000 na hakuna aliyeitaka.

Kesho yake asubuhi nilichukua futi, daftari na mjukuu, nikaenda nilikojua kuna kiberenge kimelala kwenye nyasi kwa miaka mingi. Nikakuta alama nne za magurudumu kwenye udongo na mjusi. Tukafuata mburuzo hadi kwenye yadi ya chuma chakavu, ambayo siitaji. Vijana walikuwa wameshamaliza bodi kwa gesi na wanakata chasi. Mmoja alinipokea kwa adabu, "Shikamoo babu, unatafuta spea?" Nikamjibu marahaba, natafuta urefu. Hakunielewa, na simlaumu. Nilipima gurudumu moja lililobaki zima, nikanunua kitasa cha mlango kwa shilingi 2,000. Bei ya chuma kile kwa kilo naona haya kuiandika gazetini.

Mzee wa Kiswisi aliporudi nilimweleza ukweli. Nilimwonyesha kitasa na kipimo cha gurudumu. Akaninunulia soda, tukanywa, lakini kiberenge hakununua. Alisema hawezi kuweka kwenye reli zake kitu cha kubuni. Namheshimu kwa hilo, ingawa pesa zile zingeniezekea nyumba.

Mhariri, sisemi chuma chakavu kisiuzwe. Nimekaa na chuma maisha yangu yote, najua kinazeeka na kinahitaji kwenda tanuruni. Reli ya kisasa ya milimita 1,435 inakuja Tabora na itakwenda Kigoma, na ikishafika, vitu vya reli ya mita moja vitazidi kukatwa. Ninachosema ni kwamba kabla gesi haijawashwa, mtu apewe nusu siku na futi. Apime urefu, upana, kimo, nafasi kati ya ekseli, kipenyo cha gurudumu, kila dirisha. Apige picha pande zote nne, juu na chini, na futi ionekane ndani ya picha. Hapa hapa Tabora kuna chuo cha reli chenye vijana wanaojifunza kuchora. Wapewe kazi hiyo iwe zoezi la darasani. Mchoro hauli nafasi wala hauoti kutu.

Wenzetu Nairobi walijitahidi. Nilikwenda kule kwa mafunzo 1974 nikaziona Garati za 59 zikiwa hai, zikivuta mizigo ya Mombasa: kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 250, injini mbili zenye boila moja nene iliyoning'inizwa katikati ili mashine ndefu namna ile ipinde kwenye kona. Zilijengwa 34 na Beyer, Peacock wa Manchester, zikapewa majina ya milima. Kwenye makumbusho yao ya reli wamehifadhi mbili. Moja ni Mount Gelai, nyingine Mount Shengena. Jirani yake kuna injini namba 3020, jina lake Nyaturu. Gelai iko kwetu kando ya Ziwa Natron, Shengena iko Upareni, na Wanyaturu ni wa Singida. Milima yetu na watani wetu wako Nairobi wanatunzwa, na watengeneza treni ndogo wa dunia nzima wanaweza kwenda kuwapima. Mbele ya hao siwezi kushindana kwa Garati, hilo sasa nimelikubali. Hata ukitaka kuitengeneza 59 kwa kipimo cha bustanini inafika kama mita moja na sentimita arobaini, ni kitanda cha mtoto. Nani atapanda nayo ndege?

Chetu sisi ni vile ambavyo hakuna mwingine anavyo. Kiberenge. Behewa la tenki la maji lililofuata gengi porini. Au fikiria hili: meli ya Goetzen, ambayo leo ndiyo Liemba, ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, vikapakiwa kwenye masanduku na kuletwa hadi Kigoma juu ya reli hii hii, ikashushwa ziwani 1915. Behewa bapa la mita moja, masanduku ya meli juu yake, mninga mtupu. Nilipomtajia mzee wa Kiswisi alisimama akasahau soda yake. Hilo nimeshaanza kulichonga. Magurudumu yana milimita 45, nimepima mara tatu.

Kiberenge bado nakidai. Ndiyo sababu ya barua hii. Natoa ombi kwa wasomaji wako wa Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba hadi Kigoma mjini, hasa familia za waliokuwa gengini: tazameni kwenye masanduku na albamu za zamani. Kama kuna picha ya harusi, ya msiba, ya mtoto amebebwa, na nyuma yake kuna kiberenge hata nusu, naomba mnitumie nakala kupitia kwako Mhariri. Kipenyo cha gurudumu ninacho, na kwa kipimo hicho kimoja naweza kutoa vingine vyote kwenye picha. Ninayoihitaji zaidi ni ya upande wa nyuma. Mimi nasema mlango wake ulifungukia kushoto. Mwenzangu tuliyefanya naye kazi anasema kulia, na tangu mwezi wa Saba hatujaelewana.

Mstaafu wa karakana ya reli,
Isevya, Tabora