Msitupigie saruji darasa la mikoko

Mhariri, assalam aleikum. Naomba nafasi kidogo maana hili jambo likibaki hapa barazani kwetu litaishia kelele tu.

Hapa Lamu tuko na nyumba moja ya zamani ya mawe, ndio watoto wa shule huletwa kufunzwa mambo ya mikoko na kasa. Mvua zilipopita ikabaki ovyo, dari ya chumba cha nyuma imebonyea, mchwa wamekula boriti mbili, na lile gamba la kasa ambalo kila mtoto ataka alishike likawa ndilo lakinga maji ya tone. Tukaona tusingoje mtu. Wengine walituma mia mia kwa M-Pesa, mwenye punda akabeba mchanga siku mbili nzima hakuchukua hata senti, nahodha mmoja akaleta mawe ya kisiwa cha Manda na mashua yake, na kina mama kila saa nne chai na mahamri yako tayari (mafundi wakaanza kuja kazini kabla ya saa, mwajua kwa nini).

Sasa kuna ofisi moja, siitaji, imeona kazi yaenda imekuja na pesa za kumalizia. Twashukuru sana. Lakini wasema kuta zipigwe plasta ya saruji, chini ya dari ipigwe silingi bodi na juu mabati, eti ndio imara. Hapo tumekataa. Ukuta wa mawe haya wavuta unyevu na chumvi kutoka chini, ukipakwa chokaa unapumua, maji yanatoka yanakauka, ukipigwa saruji hayana pa kutokea, plasta inavimba na ikianguka inaondoka na ukuta wake. Tumejionea wenyewe, upande wa kichochoroni ulipigwa saruji zamani, juzi fundi kaigonga na mpini wa nyundo ikalia kama debe tupu, akaibandua kwa mkono tu, nyuma yake jiwe limekuwa unga.

Na hio dari ndio somo lenyewe jamani! Mtoto aambiwa inua kichwa, mbona hiki chumba ni kirefu hivi na chembamba hivi? Jibu liko pale juu, upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti ya mkoko haiendi mbali, mita tatu hivi imefika, kwa hivyo wazee walijenga kwa kipimo cha mti. Kuna mzee alikata boriti kabla serikali haijafunga biashara ya kuziuza nje mwaka 1982, huwaonyesha fito, pau na boriti, yaani miti ya mkoko toka nyembamba hadi nene, na watoto hunyamaza kuliko wakiwa na mwalimu wao. Ukifunika na silingi bodi awaonyeshe nini, misumari?

Kuna waliosema mbona nyinyi mwafunza kulinda mikoko na mwataka boriti za mikoko. Ni mbili tu zilizoliwa, zitanunuliwa zenye kibali, zile nzima hatuzigusi.

Ombi letu kwa hao wenye pesa ni moja, pesa hizo zilipe siku za mafundi wa chokaa, nao wako hapa hapa mtaani, hakuna haja ya kontrakta wa mbali. Chokaa yenyewe tumeshailoweka, iko kwa mapipa uani imefunikwa magunia.

Mkaazi wa Mkomani,
Lamu