Mtoano unakunyang'anya wachezaji: tunavyobuni miundo mipya ya mashindano ya gemu za mkakati

Chukua mashindano ya wachezaji 64 kwa mtoano wa kawaida. Raundi ya kwanza ikiisha, 32 wameshatoka. Walijisajili mapema, wakafanya mazoezi, wakaacha shughuli zao jioni hiyo, halafu wamecheza mechi moja na safari yao imeishia hapo. Msimu ujao ukifungua usajili, wengi hawarudi. Waandaaji wanaotujia hulieleza tatizo hili kwa namna nyingine: watu wanapungua, labda zawadi ni ndogo. Tukikaa nao tukapitia ratiba, mara nyingi tunakuta zawadi haina kosa lolote. Kinachofukuza watu ni muundo.

Mtoano una sifa zake, na hatuukatai. Mechi 63 tu zinatosha kumpata bingwa kati ya watu 64, na fainali yake kila mtazamaji anaielewa. Lakini gemu ya mkakati ina bahati ndani yake: ramani uliyopangiwa, upande ulioanzia, mpinzani aliyekariri ufunguzi mmoja wa hatari, yaani mpango wa hatua za mwanzo. Mchezaji mzuri anaweza kuanguka mara moja. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ni kweli, ila huyo aliyekubali naye apewe pa kuendelea.

Ndiyo maana mteja mpya tunamwanzisha na mfumo wa Uswisi, uliotumika katika sataranji huko Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Kila raundi unakutana na mwenye pointi kama zako: walioshinda kwa walioshinda, walioshindwa kwa walioshindwa. Wakiwa 64, wakicheza raundi 6 bila sare na bila mtu kujitoa, hesabu inatoka hivi: mmoja anashinda zote, 20 wanamaliza na ushindi wa mechi 3 na vipigo 3, na ni mmoja tu anayeondoka bila ushindi wowote. Mmoja, si 32! Kila ninapoionyesha hesabu hii nafurahi upya.

Gharama yake ni muda. Mechi zinakuwa 192 badala ya 63, na kama kila moja inachukua dakika 40, raundi 6 zinakula saa 4 kabla hujahesabu mapumziko. Tunashauri kuzigawa kwa siku mbili, au kumpa kila mchezaji wiki nzima ya kumtafuta mpinzani wake wa raundi hiyo. Njia ya pili inawafaa sana walio katika saa za nchi tofauti. Wanaolingana pointi tunawatenganisha kwa jumla ya pointi za wapinzani waliokutana nao, na kanuni hiyo lazima itangazwe kabla ya raundi ya kwanza. Ukiitangaza mwishoni, aliyeshika nafasi ya pili ataamini umempendelea wa kwanza, na hutaweza kumshawishi vinginevyo.

Baada ya hapo ndipo kazi ninayoipenda zaidi inapoanza, yaani kubuni kanuni ambazo zenyewe ni sehemu ya mkakati.

Ya kwanza ni mnada wa upande. Kwenye sataranji kuna mchezo wa kuamua mshindi baada ya sare, ambapo mwenye kete nyeusi ana muda mfupi zaidi, lakini sare ikitokea anahesabiwa ameshinda. Yapo mashindano ambayo wachezaji huandika kwa siri dakika wanazokubali kubaki nazo, na aliyeandika chache ndiye anayepewa nyeusi. Wazo hilo linahamishika vizuri sana. Ramani ikiwa na upande mmoja wenye nguvu, usihangaike kuusawazisha. Waache wachezaji waandike kila mmoja yuko tayari kupunguziwa dhahabu kiasi gani mwanzoni ili aupate. Anayetaja kiasi kikubwa anauchukua na anakatwa alichokitaja. Malalamiko ya "nilipangiwa upande mbaya" yanakwisha, kwa sababu bei aliipanga mwenyewe.

Ya pili inafanana nayo: mmoja akate, mwingine achague. Mchezaji wa kwanza anapanga hali ya kuanzia, yaani rasilimali, majeshi na mipaka, na wa pili anachagua upande. Hapo kupanga kwa haki kunakuwa ustadi unaopimwa kama kupigana.

Kwa jumuiya ambazo watu wameshazoeana mno, tunapendekeza majina yafichwe. Gemu ya mkakati ya Age of Empires II ina mashindano ya Hidden Cup, ambamo wachezaji mashuhuri hucheza kwa majina ya bandia na watazamaji hukisia nani ni nani kwa mtindo wake wa kucheza. Mchezaji mchanga asiyejua kuwa anapambana na bingwa huwa hatetemeki. Sharti moja: mwamuzi lazima amjue kila mtu, la sivyo umemfungulia mlango anayechezewa na rafiki yake.

Kuna pia timu za kupokezana, watu watatu kwenye gemu moja, kila mmoja dakika kumi. Inachangamsha, lakini intaneti ya mmoja ikikatika timu nzima inaumia, kwa hiyo hatuipendekezi kwa mashindano yenye zawadi kubwa.

Ukitaka tukubunie muundo, tuletee mambo matatu: idadi ya wachezaji waliofika mara ya mwisho (si waliojisajili), urefu wa mechi ya kawaida, na saa ambazo watu wako wanapatikana. Tunaandika kanuni, kisha tunazijaribu na wachezaji wanane wa kwenu, tukiwaomba wazitafutie mianya kwa makusudi. Karibu kila mara wanaupata mmoja. Tunauziba, tunajaribu tena, ndipo unafungua usajili.