Kwa Mama Neema, kuhusu yule mjomba

Kisumu, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi wazima, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo. Akoth amehamia Kondele, anakusalimu.

Wanjiru ameniambia unataka kuutupa mswada wako wa hadithi ya watoto. Tafadhali, usiutupe! Nimeusoma wote na kinachoukwaza ni yule mjomba. Tunaitafuta kengele ya shule kitabu kizima, halafu mwizi, yaani yeye, anashuka kwenye matatu sura ya mwisho, mtu ambaye hatujawahi kumwona. Mtoto atahisi amepunjwa.

Tafuta The Westing Game ya Ellen Raskin, kitabu cha Marekani cha 1978 kilichopata Nishani ya Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto, 1979. Tajiri amekufa, warithi 16 wanagawanywa jozi nane, kila jozi inapewa dola 10,000 na maneno machache ya kufumbua. Wote wanahangaika na vikaratasi vyao, ilhali wosia wenyewe umewaambia mbele ya kila mtu kwamba la maana si walicho nacho bali wasicho nacho. Na hata kabla ya hapo, kitabu kinafunguka na jumba liitwalo Sunset Towers, yaani Minara ya Machweo, ambalo linatazama mashariki, halina mnara hata mmoja. Mtoto anacheka, anapita. Hajui ameshaonywa kwamba humu majina yanadanganya. Mwisho sikwambii, lakini ukiufikia utarudi ukurasa wa kwanza mbio.

Kwa hiyo mjomba aje sura ya pili. Aje kulipa karo, mikono ina grisi, na papo hapo mbuzi aingie ofisini kwa mwalimu mkuu. Watoto watamkumbuka mbuzi. Grisi wataikumbuka baadaye, na hawatakulaumu.

Mlinzi naye umemwacha mtupu. Kwa Raskin kila mshukiwa ana siri yake, hata isiyohusu kifo kile. Labda mlinzi anadanganya kwa sababu usiku hujifunza kusoma kwa daftari la darasa la pili, na anaona haya… lakini hilo ni lako. Mjomba ndiye wa kwanza.

Neema ameshausoma? Alimshuku nani, na kuanzia ukurasa gani? Wewe mwenyewe unajua mlinzi alikuwa wapi usiku ule? Nikutumie kitabu kwa basi la Ijumaa, au utakuja mwenyewe Desemba?

Nijibu upesi.

Wako akupendaye,
Mama Otieno