Risala ya wanakikundi wa kitalu cha miti ya dawa, Maseno, kwa mgeni wa heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, chifu wetu, maafisa wa kilimo na misitu, wazee, kina mama na majirani, hamjambo. Itifaki zote zizingatiwe.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kukanyaga matope ya kitalu chetu. Umejionea viriba vya mwarobaini pale kivulini, miche ya mwiritsa (mti uitwao kitaalamu Prunus africana) nyuma yake, na trei za artemisia, mmea wa dawa ya malaria, karibu na tangi la maji. Leo tungependa kukueleza jambo moja linalotuumiza kichwa: mbegu nyingi za dawa hufa ghalani, kabla hazijaonja udongo.

Msimu uliopita tulinunua mbegu za mwarobaini kwa muuzaji mmoja. Pakiti haikuwa na tarehe. Tulizimwagilia, tukangoja, kukawa kimya. Tulipopasua zilizobaki, ndani zilikuwa za kahawia, ilhali mbegu hai ya mwarobaini ni ya kijani au nyeupe ukiipasua. Wapo waliolaumu mvua, lakini mvua ilionewa tu. Mbegu ya mwarobaini hutolewa nyama yake tunda likishaiva, ikakaushwa kivulini na kupandwa ndani ya wiki chache. Ghala la mabati la huku ukanda wa Ziwa Victoria, ambako mchana nje tu joto hukaribia digrii 30, haliipi nafasi.

Wataalamu wana kanuni yao kwa mbegu zinazovumilia kukaushwa: punguza joto la ghala kwa digrii 5 hivi, na mbegu itaishi karibu maradufu, punguza unyevu wake kwa asilimia 1, vivyo hivyo. Artemisia imo katika kundi hilo. Mbegu zake ni kama vumbi, gramu moja ina zaidi ya 10,000, na zikikauka vizuri zikafungwa kwenye chupa isiyopitisha hewa mahali pa baridi, hukaa miaka. Siku ya kuziotesha hazifukiwi, kwa kuwa huhitaji mwanga. Tunazinyunyiza juu ya udongo laini, basi. Huu ndio mmea uliotoa dawa ya malaria iliyompa Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mwiritsa, mheshimiwa, una tabia zake. Tangu 1995 biashara ya kimataifa ya magome yake, yanayotumika kutibu uvimbe wa tezi dume, inadhibitiwa kwa sababu miti ilichunwa ikafa. Kuupanda upya ni lazima, na hapo ndipo penye kazi. Tunda likiiva na kuwa la zambarau tunagombania na ndege na nyani, na kwa kawaida wao ndio hushinda. Tukipata mbegu, hatuwezi kuianika juani kama mahindi. Ikikauka kupita kiasi imekufa. Hutaka ubaridi wa digrii 5 hivi ikiwa na unyevu wake, na hata hivyo ni kwa miezi tu. Ubaridi huohuo ukiupa mwarobaini ambao haujakauka, unaudhuru.

Tumesikia fununu kwamba umetubebea friji. Tutaipokea kwa mikono miwili, na artemisia na mwiritsa watakuombea dua. Lakini mwarobaini hautaingia humo, usije ukadhani tumepuuza zawadi yako.

Tunachoomba zaidi ni kipima unyevu cha mbegu, kwa sababu sasa hivi tunakisia kwa kuuma kwa meno. Tunaomba pia utuunganishe na wataalamu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, walio hapahapa Maseno, watufundishe kukusanya na kukausha kila aina kwa namna yake. Mwisho, ofisi yako iwabane wauza mbegu waandike kwenye kila pakiti tarehe ya kuvunwa na mahali zilikotoka. Wino wa kuandikia hauna gharama kubwa.

Ahsante, na karibu uupande mwiritsa tuliokutengea pale langoni.

Ni sisi wanakikundi wa kitalu.