Jua la saa sita, hita ya saa kumi na mbili

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa yenu ya jengo lile linalosifiwa kwa kutoa kaboni kidogo imenichosha. Mwandishi kahesabu paneli za sola juu ya paa, kasifu, kaondoka. Hakuuliza umeme wa jengo unatumika saa ngapi.

Mimi ni mpangaji katika jengo la namna hiyo. Mchana paneli zetu zinazalisha kwa wingi, wenyewe tuko kazini, umeme unakwenda gridi. Jioni jua limezama, kila mlango unawasha jiko, taa na kiyoyozi, na matangi ya maji moto nayo yanaanza kuchemka kwa pamoja, maana taima zake zimetegwa saa kumi na mbili. Hapo tunavuta kutoka gridi saa ambayo mahitaji yako juu kabisa, na kwenye gridi nyingi pengo hilo linazibwa kwa gesi na mafuta. Nilimwendea msimamizi nikamwomba asogeze taima hadi saa tano asubuhi. Akaniambia tusubiri betri. Betri, na matangi tunayo! Tangi la lita 200 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 linabeba uniti 9 na ushee, kiasi cha betri nzima ya nyumbani, na likiwa limevikwa vizuri kizuia joto, joto hilo linafika jioni. Hakuna lithiamu, madini ya betri, ya kuchimba wala mtambo wa kununua. Waendeshaji wa gridi ya California walichora tatizo hili mwaka 2013, mahitaji yakididimia mchana na kupanda kwa kasi jua linapotua, na bado watu wanajenga kana kwamba jua halitui.

Betri siipingi; ina kazi yake umeme ukikatika. Umeme ulipokatika mchana jua likiwaka, lifti yetu ilisimama, kwa kuwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani, ikiwa imefungwa kwenye gridi pekee bila betri hujizima gridi ikizima, isije ikawaua mafundi walio kwenye nyaya. Ni sawa ijizime. Lakini tulistahili kuambiwa tangu siku ya kuhamia.

Na hizi kuta za vioo! Ukuta mzito ungepozwa mchana kwa umeme wa jua, ukatunza ubaridi hadi usiku. Kioo kinaingiza joto kutwa, kisha kiyoyozi kinakesha.

Ombi langu kwenu: habari ya jengo la aina hii isitoke bila mchoro wa saa 24, mstari wa umeme unaozalishwa na mstari wa unaotumika. Nao wanaotoa vyeti vya majengo ya kaboni kidogo waingie chumba cha hita wasome taima kabla ya kupanda paani. Ikiwa imetegwa jioni, cheti kisitolewe mpaka isogezwe.

Mpangaji, msomaji wenu wa siku nyingi